Sura ya Sita: Nimempa Majani, Mbona Amekufa?

Wanaoanza kufuga wadudu-vijiti huuliza swali hili kuliko mengine yote. Sanduku lilikuwa safi, majani yalikuwepo, maji yalinyunyizwa kila jioni. Kumbe asubuhi mdudu amekutwa chini, miguu imepinda, nusu ya mwili bado imo ndani ya ngozi ya zamani. Mwenyewe hudhani ni njaa au ugonjwa. Mara nyingi si njaa wala ugonjwa. Sanduku lilikuwa fupi.

Huenda jibu hilo likaonekana dogo mno kwa kifo kizima, lakini ndilo linalobeba sehemu kubwa ya ufugaji huu. Majani ni rahisi kupatikana. Kazi iko kwenye urefu, hewa na unyevu, na baadaye kwenye subira ya kungoja mayai.

Ni mdudu gani huyu?

Mdudu-kijiti ni mla majani ambaye mwili wake umefanana na kitawi: mrefu, mwembamba, wa kijani au wa kahawia, wenye miguu 6 kama wadudu wote. Wataalamu wamekwisha kutaja zaidi ya spishi 3,000 (spishi ni aina moja ya kiumbe, ambayo jamaa zake huzaliana wenyewe kwa wenyewe), na nyingi zinaishi katika nchi za joto. Wapo wanaolala kwenye kiganja cha mtoto, na wapo wakubwa kupita kiasi: mmoja kutoka Guangxi, kusini mwa China, alifikia sentimita 64 miguu ikiwa imenyooshwa.

Wengi humchanganya na vunjajungu. Vunjajungu ni mwindaji. Miguu yake ya mbele imekunjwa tayari kunasa nzi. Mdudu-kijiti hawindi chochote. Hana mwiba wa kuchoma, na akitembea mkononi mwako unachokisikia ni vikucha vyake vidogo tu. Silaha yake ni kutoonekana: mchana hukaa kimya, upepo ukivuma huyumba pamoja na matawi, ukimgusa huanguka na kukakamaa, miguu imebanwa ubavuni, usijue ni mdudu au ni ukuni. Wako wachache wa kuwachukulia kwa tahadhari. *Anisomorpha buprestoides* wa kusini mwa Marekani hurusha majimaji yanayochoma macho vibaya, na madume wa *Eurycantha* wa New Guinea wana miiba kwenye miguu ya nyuma inayoweza kutoboa kidole.

Anayefugwa zaidi duniani ni *Carausius morosus*, mdudu wa Tamil Nadu, kusini mwa India. Aliingia katika maabara za Ulaya zaidi ya miaka 100 iliyopita na tangu hapo hakutoka. Leo yumo madarasani, majumbani na vyuoni. Katika Chuo Kikuu cha Bielefeld, Ujerumani, watafiti wamechunguza kwa miaka mingi jinsi anavyopanga miguu yake anapotembea juu ya matawi yasiyo sawa, na kutokana na uchunguzi huo wameunda roboti yenye miguu 6 iitwayo Hector. Mimi humpendekeza kwa kila anayeanza, ingawa rangi yake haivutii sana, kwa sababu anasamehe makosa ambayo spishi nyingine hazisamehi.

Usiku anaobadilisha ngozi

Sisi mifupa yetu iko ndani na hukua pamoja nasi. Mdudu ana gamba gumu nje, na gamba hilo halitanuki. Ili akue, lazima alivue. Tendo hilo tutaliita kuambua. Mdudu mchanga, ambaye kwa jamii hii na ya panzi huitwa tunutu, huambua mara kadhaa, kwa kawaida tano au sita, kabla ya kuwa mpevu.

Siku moja au mbili kabla ya kuambua, tunutu huacha kula. Hupanda juu, hushika tawi au paa la sanduku kwa kucha, kisha huning'inia kichwa kikiwa chini. Gamba hupasuka nyuma ya kichwa. Kutoka hapo uzito wake mwenyewe ndio unaomvuta: kichwa, kifua, kisha miguu mirefu mmoja baada ya mwingine, mfano wa mtu anayevua kanzu iliyolowa huku akining'inia kwa vidole vya miguu. Mwili mpya ni laini na umejaa maji. Akishamaliza hujigeuza, hushika gamba tupu lililobaki juu, na kutulia mpaka akauke. Halafu, mara nyingi, hulila gamba lenyewe. Kuna virutubisho humo, na pia halibaki kitu cha kumwonyesha adui kwamba kuna mdudu karibu.

Sasa piga hesabu. Mdudu anayetoka chini ya gamba lake anahitaji nafasi ya urefu wa gamba na nafasi ya urefu wa mwili mpya, ambao ni mrefu zaidi. Akigusa sakafu kabla hajamaliza, mwili laini hupinda, na utakavyopinda ndivyo utakavyokauka. Ndiyo maana wafugaji hufuata kanuni moja: kimo cha sanduku kisipungue mara 3 ya urefu wa mdudu mpevu. Jike wa *Carausius* mwenye sentimita 8 hadi 10 anataka angalau sentimita 30. *Extatosoma tiaratum*, jike mnene mwenye miiba wa mashariki mwa Australia, hufika sentimita 15; mpe 45, na 60 ni bora.

Kimo peke yake hakitoshi. Hewa ikiwa kavu, gamba la zamani hugandamana na miguu na mdudu hunasa katikati. Sanduku likijaa wadudu, mwenzake hupita juu yake na kumwangusha. Kwa hiyo ukimwona ameacha kula na ananing'inia, usimguse, usimnyunyizie maji moja kwa moja, usibadilishe matawi siku hiyo. Subira ya usiku mmoja huokoa miezi ya kazi.

Akipoteza mguu, usimtupe. Tunutu huweza kuotesha mguu mpya kidogo kidogo kila anapoambua. Kwanza huja mdogo uliojikunja, kisha hunyooka. Aliyekwisha pevuka haambui tena, hivyo alioupoteza haurudi. Kwa sababu hii usimvute kamwe kwa mguu. Weka mkono mbele yake umpapase nyuma taratibu, atapanda mwenyewe. Kwa wachanga tumia brashi laini ya rangi.

*Kwa ufupi: kimo mara 3, unyevu wa kutosha, na msongamano mdogo. Vifo vingi vya matunutu hutokana na kukosekana kwa mojawapo.*

Sanduku lenyewe

Terariamu ni sanduku la kioo, plastiki au wavu ambamo mnyama wa nchi kavu huishi pamoja na mimea. Watu wengi huanza na tangi la samaki kwa kuwa ndilo linalouzwa. Tangi la samaki ni pana na fupi, kinyume kabisa na tunachotaka. Ukiwa nalo, lisimamishe wima na uweke wavu upande ulio wazi. Mimi napenda zaidi fremu ya mbao ambayo fundi yeyote wa mtaani anaweza kuitengeneza: pande mbili wavu, mbele kioo au plastiki angavu, na paa la wavu ambalo mdudu anaweza kulishika.

Hapa kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji. Usitumie chandarua cha kulalia. Vyandarua vingi tunavyogawiwa kliniki na mashuleni vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo haitofautishi mbu na mgeni wako. Nunua wavu wa dirishani usio na dawa. Chumba chenye sanduku kisipuliziwe dawa ya wadudu wala kisiwashwe dawa ya mbu ya kuchoma. Anayeishi sehemu yenye malaria asiache kujikinga kwa ajili ya mdudu. Ahamishie sanduku chumba kingine chenye hewa.

*Carausius* hufurahia nyuzijoto 18 hadi 25, kwa hiyo Lushoto, Arusha, Limuru au Nairobi hahitaji joto la ziada hata kidogo. Dar es Salaam na Mombasa mambo ni magumu kwake miezi ya joto, na hapo ni afadhali spishi za nchi za joto zaidi. Usiweke taa ya kupasha moto juu ya sanduku dogo, na usiliache dirishani jua linapopiga kioo. Ndani ya saa moja kioo hugeuka kuwa jiko.

Maji hawayanywi kwenye kisahani. Hunywa matone yaliyo juu ya majani, tena usiku. Nyunyiza jioni, kiasi ambacho kufikia asubuhi matone yamekauka. Pwani yenye hewa nzito acha wavu wazi pande zote. Dodoma, hewa inapokauka hadi midomo ya watu ikapasuka, funika nusu ya wavu kwa plastiki. Unachokitafuta ni unyevu unaopita. Hewa yenye maji iliyotuama huleta ukungu, na ukungu huua mayai na wachanga.

Majani: kwanza dawa, kisha ladha

Kosa la pili kwa kuua, baada ya sanduku fupi, ni majani yenye sumu. Waridi la dukani limepuliziwa dawa shambani. Halifai, hata ukiliosha. Majani ya kando ya shamba la mboga au uzio wa jirani anayepulizia ni vivyo hivyo. Tafuta mti ambao historia yake unaijua.

Ulaya wanatumia vichaka vya miiba vya *Rubus*, mtambaa uitwao *Hedera*, na kichaka cha uzio kiitwacho *Ligustrum*. *Rubus* hata kwetu huota nyanda za juu. Lakini zawadi kubwa ya mfugaji wa Afrika Mashariki ni mpera. *Extatosoma* hula mpera, na hata *Heteropteryx dilatata*, jike mkubwa wa kijani wa Malesia, hulishwa majani hayo na wafugaji wa huko. Mkaratusi nao unampendeza *Extatosoma*, jambo la kutarajiwa kwa mdudu wa Australia.

Kata matawi, si jani moja moja, uyasimamishe kwenye chupa yenye maji. Ziba shingo ya chupa kwa pamba au karatasi, maana matunutu hushuka na kuzama humo. Badilisha matawi kabla hayajanyauka, na kabla ya kutupa ya zamani yakague kila upande, kwani mdudu uliyemwona jana leo huwezi kumwona ingawa yuko mbele ya pua yako.

Wachanga wana shida moja isiyosemwa sana. Taya zao ni ndogo, na ukingo wa jani gumu huwashinda. Kata ukingo wa majani kwa mkasi ili wapate mahali pa kuanzia. Tendo hilo la dakika moja huamua kama kundi jipya litaishi wiki ya kwanza.

Mayai, na uzazi bila dume

Ukimfuga jike mmoja wa *Carausius*, peke yake, tangu utoto wake, bado atataga mayai na mayai yataanguliwa. Huu ni uzazi bila dume: yai hukua bila kurutubishwa, na anayetoka ni jike kama mama yake. Katika ufugaji wa spishi hii madume ni nadra kiasi kwamba wafugaji wengi hawajawahi kumwona hata mmoja. Spishi nyingine hutaka dume. Nyingine, kama *Extatosoma*, huweza njia zote mbili, ila mayai yasiyorutubishwa huchelewa zaidi kuanguliwa.

Yai la mdudu-kijiti ni rahisi kulidhania mbegu. Lina ganda gumu na kifuniko kidogo upande mmoja, na kwa spishi nyingi juu ya kifuniko kuna kifundo chenye mafuta. Huko Australia sisimizi hupenda kifundo hicho. Hubeba yai la *Extatosoma* hadi kichuguuni, hula kifundo, na kuliacha yai salama chini ya ardhi, mbali na nyigu wanaotafuta mayai ya kutagia yao. Tunutu anapotoka ana mwili mweusi na kichwa chekundu-chungwa, tumbo amelikunja, anakimbia mbio kama sisimizi mwenyewe. Baada ya kuambua mara ya kwanza hupunguza mwendo na kuanza maisha ya kijiti. Japani nako, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kobe walionyesha mwaka 2018 kwamba ndege wa jamii ya shore akimeza mayai ya wadudu-vijiti, machache hutoka mazima kwenye kinyesi, na baadhi yakaanguliwa. Ganda lile halikuumbwa bure.

Kwa mfugaji, swali la kwanza ni jike anataga wapi:

- Waangushao: *Carausius* na *Extatosoma* huyaacha yaanguke. Okota sakafuni pamoja na kuchambua kinyesi. Karatasi nyeupe chini ya sanduku husaidia.
- Wafukiao: *Heteropteryx* na *Eurycantha* hutoboa udongo. Wape bakuli la mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 6 hadi 8. Wakikosa, hushikilia mayai na kudhoofika.
- Wabandikao: wengine hugandisha mayai kwenye magome au majani, hivyo usitupe matawi ya zamani bila kuyakagua.

Weka mayai juu ya mchanga safi ndani ya kisanduku chenye matundu machache, uulowanishe upande mmoja tu. Mayai ya *Carausius* huanguliwa baada ya miezi 3 hadi 4. Ya *Extatosoma* huchukua nusu mwaka na zaidi. Andika tarehe kwenye kisanduku. Wengi hutupa mayai mazima kwa kudhani yameharibika, kumbe yalikuwa yanahitaji wiki chache tu. Ukungu ukiota, futa kwa brashi na uongeze hewa. Wafugaji wazoefu huweka humo vidudu vidogo vyeupe vya udongoni vinavyokula ukungu, na vinafanya kazi hiyo vizuri kuliko mkono wa mtu.

Jozi mbili kutoka kwenye mwamba

Kuna wanaouona ufugaji huu kama mchezo wa watoto. Nawasimulia habari ya kisiwa cha Lord Howe, mashariki mwa Australia. Kisiwani humo aliishi mdudu-kijiti mweusi, mnene, asiye na mabawa, urefu wa sentimita 15 hivi: *Dryococelus australis*. Mwaka 1918 meli ya Makambo ilikwama hapo, panya wakashuka nchi kavu, na baada ya miaka michache mdudu huyo hakuonekana tena.

Mwaka 2001 wanasayansi walipanda Ball's Pyramid, jabali jembamba la zaidi ya mita 550 linalochomoza baharini kilomita 23 kutoka kisiwani. Chini ya vichaka vichache vya *Melaleuca* wakakuta wadudu wachache tu. Hao ndio waliokuwa wanajulikana kubaki hai duniani. Mwaka 2003 zikachukuliwa jozi mbili. Jozi moja ilifia Sydney. Nyingine ilipelekwa bustani ya wanyama ya Melbourne, ikaitwa Adam na Eve, na baada ya muda mfupi Eve naye akalegea. Patrick Honan, mtunzaji wake, alichanganya sukari, kalsiamu na maji ya majani ya *Melaleuca*, akamlisha tone kwa tone. Eve akapona, akaendelea kutaga. Maelfu waliozaliwa Melbourne baadaye wametokana na jozi hiyo, na mayai yakapelekwa pia Bristol na San Diego ili spishi isitegemee jengo moja. Mwaka 2019 kazi kubwa ya kuwaangamiza panya ilifanyika kisiwani Lord Howe.

Kilichomwokoa mdudu yule ni mambo yaleyale ya sura hii: kumtazama, kujua anataga wapi, kujua anajificha vipi mchana, na kushika kalamu. Sioni mchezo hapo.

Wakizidi

Jike mmoja wa *Carausius* huweza kutaga mamia ya mayai. Usipoamua mapema, kizazi cha pili kitakushinda. Jizoeze kuchagua idadi unayoweza kulisha na kuyagandisha mengine kwenye friza siku mbili kabla ya kuyatupa. Kinyesi kinachofagiliwa nacho kina mayai ndani. Kisimwagwe bustanini kabla hakijapita kwenye friza.

Sisemi haya kwa hofu ya bure. *Carausius* aliyetoroka au kutupwa amekwisha kujenga makao Afrika Kusini na California. Mla majani anayezaa bila dume anahitaji yai moja tu kuanza ukoo. Marekani hairuhusu kufuga wadudu-vijiti wa kigeni bila kibali, na kwetu pia kuingiza mdudu hai anayekula mimea ni jambo la kuomba ruhusa: waulize mamlaka za afya ya mimea, KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania.

Kwa maoni yangu njia bora kwa wengi wetu ni kuanza na wenyeji. Wadudu-vijiti wapo kwetu, kuanzia misitu ya Usambara hadi kwenye vichaka vya uani. Pale Gede, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, wanakijiji wa mradi wa Kipepeo wamefuga vipepeo tangu miaka ya 1990, nao huanza na kitu kimoja, mti anaoula kiwavi. Fuata njia hiyo. Usichukue mdudu kutoka hifadhini. Tafuta kwenye shamba lako. Toka na tochi saa mbili au tatu usiku, wakati anatembea na kula, na uangalie yuko juu ya mti gani. Chukua wawili tu na matawi ya mti huohuo.

Nyumbani weka chupa ya mti huo, na kando yake chupa ya mpera na ya *Rubus*. Asubuhi tazama ukingo wa majani. Palipoliwa pana kipande kilichokatwa nusu duara, na chini pana kinyesi kikavu chenye umbo la pipa dogo. Andika mti gani, tarehe gani, na urefu wa mdudu. Ikipita siku mbili bila jani kuguswa, warudishe kwenye kichaka kilekile ulikowatoa kabla hawajadhoofika, ukajaribu tena mvua zikianza na majani machanga yakichipua.